Wale wa Kanisani Walienda Wapi?

Jumapili moja ya Julai, ukungu umeshuka Kaaga mpaka msitu wa Imenti hauonekani, niliweka filamu ya The African Queen kwenye kompyuta sebuleni kwa nyanya. Sikuwa nimepanga aitazame. Mimi ndiye niliyekuwa na kazi nayo. Nilikuwa nimejiahidi kuandika kuhusu ile meli ya Kijerumani inayozama mwishoni mwa filamu, maana nilikuwa nimesikia kwamba meli halisi iliyo nyuma ya hadithi hiyo haikuzama vile, na kwamba bado iko. Nyanya alikuwa pembeni anachambua maharagwe. Kinanda kikaanza kulia kwenye filamu, watu wakaimba, akainua kichwa.

"Hilo si kanisa la Methodisti?"

Ni la Methodisti kweli. Picha za mwanzo zinatuonyesha ubao: kanisa la kwanza la Methodisti, mahali panapoitwa Kung Du, Afrika Mashariki ya Wajerumani, Septemba 1914. Ndani, mchungaji Samuel Sayer anaongoza wimbo na dada yake Rose anapiga kinanda huku jasho linamtoka. Waafrika wamejaa kanisani, wamefungua midomo, na kinachotoka ni kelele tu, kila mtu na njia yake. Ni mzaha. Mtazamaji anatarajiwa acheke.

Nyanya hakucheka. "Mbona hawa hawajui kuimba?" aliuliza, kama mtu aliyetukanwa kidogo lakini bado anataka kuwa na adabu.

Kwa mtu wa Kaaga hilo si swali dogo. Hapa petu palikua kuzunguka misheni ya Methodisti iliyoingia Meru mwanzoni mwa miaka ya 1910, yaani karibu wakati uleule wa Kung Du ya kwenye filamu. Kanisa, shule, hata chuo kikuu kilicho hapa, vyote mzizi wao ni mmoja. Nyanya ameimba kwaya tangu akiwa msichana. Ukimwambia kwamba Mwafrika wa kanisa la Methodisti hajui kushika sauti, umeingia kwenye eneo ambalo yeye ndiye mtaalamu.

Dakika chache baadaye askari wa Kijerumani wanafika. Wanachoma nyumba, wanawaswaga wanakijiji mbele yao kama mifugo, wanampiga mchungaji. Samuel anachanganyikiwa na kufa. Charlie Allnut, mwenye kaboti kachafu kanakoitwa African Queen, anamsaidia Rose kumzika ndugu yake, wawili hao wanaondoka mtoni, na hapo ndipo filamu yenyewe inapoanza. Imebaki zaidi ya saa moja. Katika muda huo wote hutawaona tena watu wa Kung Du. Hakuna anayewataja kwa jina, wala anayejiuliza wamepelekwa wapi.

Nyanya alivumilia. Pale Rose anapomwaga mtoni pombe yote ya Charlie, chupa baada ya chupa, alipiga makofi. Pale Charlie anapotoka majini amejaa ruba mwilini, alifunika macho na kanga. Kisha akasinzia, akaamshwa na mlipuko wa mwisho, meli ya Wajerumani ikipasuka ziwani na wapenzi wetu wawili wakiogelea kwa furaha. Alitazama majina yakipanda kwenye kioo, akauliza:

"Na wale wa kanisani walienda wapi?"

"Hawaonyeshi, nyanya."

"Hawaonyeshi au hawajui?"

Makala haya ni jaribio langu la kumjibu.

Ukweli usemwe kwanza: filamu ni tamu. John Huston aliitengeneza mwaka 1951, sehemu kubwa akiipigia Uganda na Kongo badala ya kujifungia studio, na joto la mto unalihisi. Katharine Hepburn anacheza mmishonari mkavu anayegundua, akiwa tayari mtu mzima, kwamba anapenda hatari. Humphrey Bogart alipata Oscar yake ya pekee kwa kucheza Charlie, na alistahili. Ukitaka kuona jinsi watu wawili wasiopatana wanavyogeuka wapenzi bila mwandishi kuwasukuma, tazama. Sisemi hivi kwa kupaka mafuta. Kazi mbovu huwa haitusumbui, tunaizima na kulala. Hii inasumbua kwa sababu inajua kusimulia, na kwa hiyo ikiamua kutosimulia jambo fulani, unajua imeamua.

Sasa tuje kwenye meli.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Ziwa Tanganyika lilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Walikuwa na meli ndogo ya mvuke, Hedwig von Wissmann, iliyokuwa ziwani tangu wakati ambapo hapakuwa na reli ya kufika huko. Meli ya chuma kufika ziwa la ndani kabisa ya bara, bila reli, maana yake ni moja: ilikatwa vipande, na vipande vikapanda juu ya vichwa na mabega ya watu. Walikuwa pia na Kingani, ndogo zaidi. Na walikuwa wanaunda jitu: Graf von Götzen, meli ya abiria na shehena yenye urefu wa mita 71 hivi. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa tena yote, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Huko mafundi watatu waliotoka Papenburg, pamoja na vibarua wengi, waliiunganisha upya. Ilishuka majini Februari 1915.

Waingereza nao wakajibu kwa wazo la kiwendawazimu lililofaulu. Walichukua boti mbili za injini, Mimi na Toutou, wakazileta Cape Town kwa meli, wakazipandisha treni hadi Katanga, kisha wakazikokota milimani kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe, njia ikikatwa msituni na madaraja zaidi ya 100 yakijengwa ili zipite. Kiongozi wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa mtu wa majigambo aliyependa kuvaa sketi. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 waliizamisha Hedwig von Wissmann, nayo haikuinuka tena.

Lakini Götzen hawakuigusa. Ilipotokea mbele yao, Spicer-Simson alikataa kuishambulia. Mwishowe, Wajerumani wakiwa wanarudi nyuma na Kigoma ikikaribia kuanguka, wenyewe waliamua kuipoteza meli yao. Kabla ya kuizamisha, tarehe 26 Julai 1916, mafundi walipaka injini grisi nzito ili maji yasiile. Walitarajia kurudi.

Hawakurudi wao. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, wakaikuta bado nzima kiasi cha kutengenezeka. Mei 1927 ilirudi kazini na jina jipya: Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe kama Livingstone alivyolisikia upande wa kusini. Tangu hapo imebeba dagaa, mahindi, mananasi, maharusi, wagonjwa na wafanyabiashara kati ya Kigoma na bandari za kusini. Mwaka 2015, Warundi walipokimbia machafuko na kukwama Kagunga, kijiji cha ufukweni chenye mlima mgongoni na maji mbele, Liemba ndiyo iliyokuwa ikiwachukua kwenda Kigoma. Meli iliyoundwa kwa ajili ya himaya ya Kaiser iliishia kubeba wakimbizi, karne nzima baada ya kushushwa majini.

Hebu linganisha na filamu. Huston anaipasua meli kwa topido zilizotengenezwa kienyeji, katika dakika ya mwisho, kama harusi inavyofungwa kwa fataki. C. S. Forester, ambaye riwaya yake ya 1935 ndiyo chanzo cha filamu, alikuwa na ujasiri zaidi. Katika kitabu, African Queen inazama kwenye dhoruba kabla ya kufanya lolote, Rose na Charlie wanakamatwa, Mjerumani anawarudisha kwa Waingereza, na meli inakuja kuzamishwa na boti za jeshi bila msaada wao. Mwisho huo unaacha ladha chungu, kama vita vyenyewe. Filamu iliona hautauza, ikaubadilisha. Hata hivyo zote mbili zinakubaliana jambo moja: meli lazima izame, kwa sababu meli ipo ili wahusika wawili wawe na kitu cha kufanya.

Wengine wamerudi kwenye kisa hiki baadaye. Giles Foden, katika Mimi and Toutou Go Forth (2004), anasimulia msafara wa Spicer-Simson kama vichekesho vya kweli, na mtu wa sketi anafaa kuchekwa. Alex Capus, Mswisi, aliandika riwaya mwaka 2007 inayowafuata mafundi wale watatu wa Papenburg, na ni kazi yenye utu: mafundi wamekuja kuunda meli, vita vinawakuta hapo, wanageuzwa watumishi wa kitu wasichokiamini. Ukizisoma kazi hizi pamoja utajua mengi kuhusu meli. Utajua ilizaliwa wapi, nani alikaza misumari yake, nani aliitamani na nani aliiogopa. Meli ina wasifu. Imebatizwa mara mbili.

Ndiyo maana swali la nyanya lilinikaa. Hakuna kipande cha chuma kilichofika ziwani kwa nguvu zake. Hedwig ilibebwa. Mimi na Toutou zilifunguliwa njia na watu wenye mapanga na majembe. Masanduku 5,000 ya Götzen yalipita kwenye reli iliyojengwa kwa jasho la maelfu. Na vita vilipopanuka, majeshi yote mawili, katika nchi yenye mbung'o wa kuua farasi na ng'ombe, yalikula na kupiga risasi kwa sababu binadamu walibeba chakula na risasi hizo kichwani. Kwa upande wa Waingereza pekee, waliopita kwenye kazi hiyo wanakadiriwa kufika milioni moja. Hesabu rasmi ya waliokufa ilipita 40,000, na wanahistoria wengi wanaona idadi ya kweli inakaribia 100,000. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, baridi ya mvua, na unga wa mahindi ulioliwa nusu mbichi na watu wa milimani waliopelekwa tambarare.

Hapo ndipo naona ujanja wa filamu, na sidhani ni bahati mbaya. Inajua kwamba watu walichukuliwa kwa nguvu. Inatuonyesha waziwazi. Ila mchukuaji ni Mjerumani tu. Kosa lile likishabandikwa kwa adui, Rose na Charlie, Waingereza wazuri, wanaweza kusafiri mtoni wakiwa safi, wao na kaboti kao, bila mpagazi hata mmoja. Ni vita vya Afrika Mashariki ambavyo Mwingereza anabeba mzigo wake mwenyewe! Wacha nicheke kidogo.

Mimi natoka kwa watu waliochukuliwa na upande wa pili.

Baada ya lile swali lake, nyanya alinisimulia kuhusu baba yake mkubwa, kaka wa kwanza wa babake. Mwaka 1917 serikali ya Waingereza hapa Kenya iliamuru wapagazi kwa wingi, wilaya baada ya wilaya, na machifu wakatakiwa watoe vijana. Meru haikuachwa. Huyo kijana alitolewa. Babake nyanya alikuwa bado mtoto wa kuchunga mbuzi, na alichokumbuka mpaka uzee ni kwamba kaka yake aliondoka asubuhi akiwa na kibuyu cha uji, akamwambia amwangalizie mbuzi mmoja mweusi. Mbuzi aliangaliwa na akazaa. Mwenyewe hakurudi. Haikuja barua, haukuja mshahara wala mtu wa kuleta habari. Kwa miaka, mama yake alikataa asifanyiwe chochote cha kumhesabu kuwa amekufa, maana labda yuko njiani.

"Kwa hiyo alipotelea wapi?" nikauliza.

"Vitani," nyanya akasema. "Kwani vita ni mahali? Lakini ndivyo tulivyoambiwa."

Nilikuwa nimetumia wiki mbili kusoma kuhusu meli iliyopotea. Naweza kukutajia siku iliyozamishwa na kitu kilichopakwa kwenye injini yake. Kuhusu mtu wa damu yangu nina kibuyu na mbuzi mweusi.

Usinielewe vibaya. Simlaumu Forester kwa kutomjua baba mkubwa wa nyanya yangu. Mwandishi huandika anachokiona, na kutoka alipokuwa amesimama ziwa lilikuwa jukwaa. Lawama yangu ni ya kiuhakiki: hadithi inayoanza kwa kuwanyakua watu mia, kisha isiwatafute, imeacha jambo halijaisha. Ukiwa mwanafunzi wa riwaya utaambiwa bunduki ikionekana ukutani mwanzoni, sharti ilie kabla ya mwisho. Je, kanisa zima la watu? Huston alikuwa msanii makini mno kusahau bunduki. Watu wa Kung Du aliwasahau bila kusita, na watazamaji kwa zaidi ya miaka 70 hawajadai.

Kuna hadithi nyingine ya maji ambayo watoto wa Meru tunalelewa nayo. Wazee husema tulitoka Mbwaa, kisiwani, tulipokuwa watumwa wa Nguntune, wale wa nguo nyekundu. Koomenjoe akatuongoza, maji yakafunguka, tukavuka. Sitaki kuingia kwenye mjadala wa Mbwaa ilikuwa wapi hasa, huo una wenyewe. Ninachokipenda ni jinsi hadithi inavyowashika watu wake. Waliovuka usiku wakawa koo za weusi, waliovuka alfajiri wakawa wekundu, waliovuka mchana wakawa weupe. Yaani kila ukoo umehesabiwa kwa saa uliyopita majini. Shujaa yupo, ndiyo, ana jina na fimbo. Lakini kivuko hakikuwa chake peke yake. Mpaka leo mtu anaweza kukuambia watu wake walivuka saa ngapi.

Kwa kipimo hicho, hadithi zote za Götzen nilizosoma zinapungukiwa, hata zile za huruma. Zinajua saa ya meli. Hazijui saa ya watu.

Na sisi pia tujiangalie. Nairobi tuna mtaa mzima unaoitwa Kariokor, Dar es Salaam wana Kariakoo, na yote mawili ni jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, lililopinda mdomoni mpaka likawa la soko na la matatu. Tunalitamka kila siku tukienda kununua nyama choma au viondo. Kwenye Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za shaba, na maandishi yake yanawakumbuka wapagazi kwa lugha tatu, bila jina la mpagazi yeyote. Waandishi wetu wa Kiswahili wamefanya nini na kisa hiki? Tumeandika sana juu ya Mau Mau, na sawa, lazima tuandike. Ila kijana wa 1917 hakuwa na bunduki wala kiapo. Alikuwa na mzigo kichwani, na mtu mwenye mzigo kichwani ni vigumu kumfanya shujaa. Nadhani ndiyo sababu tumemwacha, na sababu hiyo haitofautiani sana na ya Huston.

Ningependa kusoma riwaya ya Kiswahili ya meli hii. Ianzie Papenburg ikitaka, au Kigoma, au hata kwa abiria wa 2015 aliyepandia Kagunga na mtoto mgongoni. Lakini mtu anapochukuliwa ukurasa wa 10, ukurasa wa 200 unipe habari zake, hata kama ni kuniambia tu kwamba alikufa kwa tumbo kambini na aliyelala naye akachukua blanketi lake. Nipe jina lake. Nipe mbuzi wake.

Huyo baba mkubwa jina lake ninalo. Sitaliandika hapa, kwa sababu ni la ukoo na si langu kuligawa, lakini halijapotea. Babake nyanya alimpa mwanawe wa kwanza, naye akalipitisha, na leo liko kwa binamu yangu mwenye duka la simu pale Makutano, ambaye hajui hata kidogo kwamba anatembea na jina la mtu aliyetakiwa kurudi. Nitamwambia.

Wewe nawe itazame The African Queen, haitakuudhi. Ila ukifika pale askari wanapowaswaga watu wa Kung Du, isimamishe kidogo. Uliza nyumbani kwenu nani aliondoka mwaka ule. Uliza sasa, wakati anayekumbuka kibuyu bado yuko.

Nyanya kabla ya kulala aliniuliza kama filamu ile ina sehemu ya pili. Nilimwambia haina.

"Basi hawajamaliza," akasema, akazima taa.